Subiri Mgomba Uzae

Juzi jirani yangu alitandaza nyasi kavu chini ya maua yake, na alfajiri mvua ikanyesha. Asubuhi natoka kuanika nguo, harufu ikanikamata pale pale kwenye kamba. Nyasi zilizoloa, ambazo chini zimeanza kuoza kidogo na bado zina ujoto wake. Nikasimama na shati la mume wangu likinichuruzikia miguuni, mtu mzima mimi, ninayeitwa bibi na watoto wa mtaa mzima, nikalia. Jirani akaja mbio kwenye ua. "Mama, kuna nini? Mmepata msiba mwingine?" Nikamwambia hapana, ni nyasi zako tu. Tangu siku hiyo ananisalimia kwa upole wa kupita kiasi, nadhani anaona akili zimeanza kunihama.

Ninyi mliosoma enzi zetu, enzi za kwenda shule jembe begani na daftari limechomekwa kwenye kaptula au sketi, mtanielewa. Wajukuu zangu nikiwaambia kwamba tulikuwa tunapeleka mavi ya ng'ombe shuleni, na mwalimu anashukuru, wanatazamana na kucheka. Wanadhani natia chumvi.

Mimi nilizaliwa Nshamba, upande wa Muleba. Baba alipofariki tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye kibanja chake, chini ya mgomba uliokuwa umebeba mkungu mkubwa. Kwetu kibanja ni shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Udongo wake ni mweusi, kivuli chake kizito, na wazee wa nyumba wamelala humo humo. Unapita kuchuma mboga unawasalimia. Ukitoka kwenye vibanja unakuta rweya, uwanda wa nyasi tupu na mawe na upepo, ng'ombe wanachungwa huko na wanawake wanalima vipande vya njugu mawe, leo hapa, mwakani pale. Watu wanakaa kwenye vibanja. Rweya unapita tu.

Baada ya matanga ndugu zake baba walikaa kikao. Wakasema kibanja ni cha ukoo, na mama ameachiwa mtoto mmoja tu, tena wa kike. Hawakutufukuza kwa fimbo, la. Walimwambia mama, kwa sauti nzuri kabisa, kwamba bila shaka amewakumbuka watu wa kwao. Mama akafunga kanga zake, akanishika mkono, tukaenda kwa kaka yake upande wa Kanazi. Tulipofika kwenye kona ya njia niligeuka kumwangalia baba. Nikauona ule mgomba wake, majani yanapunga, na mimi nikaupungia.

Mjomba tulimwita Ta Felisi, kama majirani wote walivyomwita. Alikuwa mtu wa maneno machache sana, ukimwamkia alitikisa kichwa na ukajua umepokelewa. Maneno yote ya nyumba ile alikuwa nayo mke wake, Mama Deo. Mdomo wake haukuwa na mlango. Lakini sitamsema vibaya, maana alikuwa anakusema huku anakupakulia, na ndizi zilizo laini alikuwekea wewe. Mtoto wao Deo alikuwa rika langu na tuliwekwa darasa moja. Deo alijua mipaka ya kila kitu. Jiwe hili la kukalia ni letu, mti huu wa mapera ni wetu, kisima ni cha wote lakini njia ya kwenda kisimani ni yetu. Mimi nilikuwa napita katikati ya vitu vyao na mikono yangu nimeibana kifuani, nisiguse.

Ndipo akaja Mwalimu Zuhura. Alitoka Bukoba mjini, kwa wale Waislamu ambao babu zao walikuja zamani na biashara kutoka pwani, na Kihaya chake kilikuwa cha sokoni, cha kutuchekesha. Alivaa raba nyeupe ambazo kabla ya Jumamosi ya kwanza zilikuwa rangi ya barabara. Siku ya kwanza aliingia darasani, akatutazama, akatazama dirishani, akasema, "Nyote nje. Somo liko nje." Tukadhani tumekosa kitu.

Wakati ule nchi nzima ilikuwa inaimba kujitegemea, na kila shule ilitakiwa iwe na shamba. Shule yetu ikapewa kipande cha rweya nyuma ya uwanja wa mpira. Walimu wengine walitupeleka kulima kama mtu anayepeleka ng'ombe. Mwalimu Zuhura alitupeleka kusoma. Hesabu tulifanya kwa kamba na vijiti, nafasi kati ya shimo na shimo. Kiswahili tulisema kwa kueleza tulichokiona njiani, na aliyerukia Kihaya aliombwa atufundishe wote neno lake, mwalimu mwenyewe akiwa wa kwanza kulirudia na kulikosea. Siku moja aliweka udongo wa kibanja cha jirani katika mkono mmoja na udongo wa rweya katika mwingine, akatufumbisha macho tunuse.

"Huu una harufu ya nini?"

"Ya nyumbani," akasema Deo.

"Na huu?"

Wakanusa tena. Mimi nikasema, "Ya barabarani." Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo njia ya kutoka Nshamba ilivyonukia. Mwalimu alinitazama kidogo, halafu akasema nimejibu vizuri.

Kisha akatutangazia kwamba kila mmoja alete mche wa mgomba kutoka kibanja cha kwao, na aje anajua jina lake. Kila mmoja angekuwa na shimo lake na mgomba wake wa kuutunza. Jamani, furaha iliyolipuka hapo! Enshakala! Entobe! Kila mtoto anataja ndizi ya kwao kama anataja babu yake. Mimi sikuwa na ya kutaja. Kibanja cha kwetu kilikuwa Nshamba, na Nshamba hatukuwa tena na kwetu.

Jioni Ta Felisi aliniona nimekaa kwenye ngazi sili. Sijui nani alimwambia. Alichukua jembe bila neno, akaingia migombani, akarudi na mche mnene wa enshakala, ameukata mizizi vizuri na kuufunga kwa kamba ya mgomba ili nipate pa kushikia. Akauweka mbele yangu, akatikisa kichwa, akaenda kunawa.

Kesho yake Deo alitembea mbele yangu njia nzima akitangaza, "Huo wa Koku si wake! Ni wetu!" Akatangaza hata shambani, mbele ya mashimo, mbele ya wote. Mimi machozi karibu. Mwalimu Zuhura alikuwa ameinama anapima shimo, hakuinuka hata kidogo. "Deo," akasema, "ulipokuwa kwenye udongo wenu ulikuwa wenu. Ukishaingia kwenye shimo la Koku ni wa Koku. Na wa kwako usipoangalia utakuwa wa mbuzi." Watoto wakavunjika mbavu, kwa kuwa kweli mbuzi alikuwa amesimama nyuma ya Deo anatafuna jani la mche wake.

Watu wazima walicheka kwa sababu nyingine. Nani analima ndizi rweya? Mama Deo alipita na kikapu chake, akasimama kando ya shamba, akashika kiuno, akaanza na waitu ya Kihaya, kama mtu anayesema jamani. "Mwalimu waitu, hapo hata magugu yanaomba ruhusa kuota!" Mwalimu Zuhura akacheka naye, akamwuliza sasa afanyeje. "Upande kunde," akasema Mama Deo, akaendelea na safari. Na miche yetu ilionyesha amesema kweli, kwa maana baada ya wiki chache ilikuwa imekaa tu kama vijiti, jani moja moja la njano.

Siku hizo ndipo mama alipoanza kuumwa. Kikohozi, halafu homa, halafu vyote pamoja. Alilala chumba cha nyuma, juu ya nyasi zilizotandazwa sakafuni kama nyumba zetu zilivyokuwa, na nilipotoka shule niliingia kwanza kumsikiliza anavyopumua kabla sijatua jembe. Mchana mmoja nilipita karibu na jikoni nikamsikia Mama Deo anasema na mjomba, kwa sauti ya chini, yeye ambaye sauti ya chini hakuwa nayo.

"Felisi, ugonjwa huu siupendi. Dada yako akitutoka tunamlaza wapi? Kwa mumewe wamemfungia. Na hapa kaka zako wakubwa unawajua."

Nikasikia mjomba anachochea moto.

"Au ni rweya?"

"Nyamaza, mwanamke," mjomba akasema, na kwa namna alivyosema nilijua kwamba naye amelifikiria.

Leo mimi ni mtu mzima, najua Mama Deo alikuwa anamtafutia mama nafasi kwa namna yake ya kukemea. Lakini mtoto anasikia kwa masikio ya mtoto. Nilichoelewa ni hiki: mtu asiye na mgomba hana pa kulala akifa, anawekwa kwenye rweya, kwenye upepo, bila kivuli, ng'ombe wanapita juu yake. Baba yeye alikuwa na mgomba wenye mkungu. Mama alikuwa hana. Nikapiga hesabu yangu nyuma ya jiko pale. Sisi wawili tulikuwa na mgomba mmoja tu duniani, ule wa kwenye shamba la shule, na ulikuwa na jani moja la njano. Ilibidi uzae kwanza. Mama asife kabla haujazaa.

Nikaingia chumbani, nikapiga magoti kwenye zile nyasi. "Mama," nikamwambia, "subiri."

Macho yake yalikuwa yanang'aa kwa homa. "Nisubiri nini, mwanangu?"

"Mgomba uzae."

Hakuuliza mgomba gani. Alinipapasa kichwa kwa mkono wa moto. "Haya," akasema. "Nitasubiri."

Wakati wengine wamekata tamaa na miche yao, mimi ndipo nilipoanza kazi. Mwalimu Zuhura naye hakuwa amekata tamaa. Alikuwa ametupa swali la kwenda nalo nyumbani. Kila mtoto amwulize mkubwa wake kibanja chao kilianzaje. Nilimkuta Ta Felisi anapunguza machipukizi. Nikamwuliza. Aliendelea kukata mpaka nikadhani hakunisikia, halafu akachoma panga ardhini, akasema maneno mengi kuliko nilivyowahi kumsikia.

"Hapa palikuwa rweya. Baba yetu alikuja kijana, hana kitu. Alianza na shimo moja nyuma ya kibanda. Mavi ya ng'ombe aliomba kwa watu, kila mahali anaomba, mpaka wakampa jina la kumcheka. Nyasi alibeba bibi yako. Alibeba nyasi mpaka nywele za utosini zikaisha, nimeona mwenyewe. Mgomba wa kwanza haukuzaa. Wa pili haukuzaa." Akachomoa panga. "Udongo huu unaouona mweusi, ni kichwa cha mama yangu."

Nilipolisimulia hilo darasani, kule nje, hakuna aliyecheka. Na ajabu, kila mtoto aliyefuata alikuja na habari hiyo hiyo. Kwa akina fulani palikuwa rweya. Kwa akina fulani palikuwa mawe matupu, mzee alikuwa anayabeba mgongoni. Deo, ambaye alikuwa amemwuliza baba yake, Ta Felisi yule yule, alisimama akasema kwa sauti ndogo, "Na kwetu palikuwa rweya." Mwalimu Zuhura alikuwa ameketi juu ya jembe lake lililolala. Akasema, "Basi mmenifundisha. Mimi nilidhani kuna nchi mbili hapa. Kumbe ni moja, tofauti ni nani amebeba nyasi." Akainuka, akapangusa gauni. "Haya. Nani anajua zinakatwa wapi?"

Kuanzia siku hiyo tulikata nyasi rweya yote. Tulipanga mstari, vifurushi vichwani, mwalimu naye na chake kimemwangukia machoni. Tulitandaza kwa unene wa goti, tukaweka samadi chini, na kila baada ya siku chache alituambia tufunue nyasi tuone kilichotokea. Kwanza joto. Halafu unyevu, hata jua likiwaka. Halafu siku moja Deo akapiga kelele kama amekanyaga nyoka, kumbe ni nyungunyungu, mmoja, mwekundu, anajikunja chini ya nyasi kwenye udongo wa rweya. Tulimzunguka kama watu wanaomtazama mtoto mchanga. Mwalimu alitukataza kumgusa.

Taabu yangu ilikuwa samadi. Nyumba zenye ng'ombe zilikuwa chache, na watoto wao walileta kwa kujivuna. Mjomba alikuwa hana ng'ombe. Basi nikawa nafuata njia ya ng'ombe wakirudi kutoka machungani, na jani la mgomba mkononi, nazoa kilichoanguka. Wakanipachika jina, sitaliandika hapa. Sikujali hata kidogo. Babu naye walimpa jina.

Kikohozi cha mama kilizidi, wakampeleka hospitali ya misheni kwa machela, wanaume wanapokezana. Sikuruhusiwa kwenda. Jumapili hiyo, watu wametoka kanisani, nilikimbilia shambani na gauni langu la misa nikamwaga samadi, nikatandaza, nikaanza kuusemesha mgomba. Niliuambia fanya haraka. Nikauambia na mengine, nikawa nalia kwa nguvu kwa sababu nilidhani niko peke yangu. Nikageuka, Mwalimu Zuhura huyo, ameshika kopo la maji. Alikuwa anamwagilia miche yetu siku za mapumziko, na hakuna aliyejua.

"Koku, haraka ya nini?"

Nikamweleza yote. Baba na mkungu wake, jikoni kwa Mama Deo, rweya, ng'ombe watapita juu. Nilieleza kwa Kihaya, kwa maana mambo kama hayo sikuwa nayo kwa Kiswahili, na sijui alielewa kiasi gani. Hakucheka wala hakunikatiza. Hakuniambia acha ujinga. Alinifuta pua na ncha ya kanga yake, akanishika mkono na mavi yake yote, tukaenda naye hadi hospitali kwa miguu.

Mama alikuwa ameketi kitandani. Ameketi! Homa ilikuwa imekatika asubuhi ile. Mwalimu akanitoa nikachote maji, na niliporudi niliwakuta wamekaa, mama amejifunika uso na kanga, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Halafu akajifunua, kumbe anacheka, anacheka na machozi yanamtoka, na kikohozi kinamkata katikati ya kicheko.

"Koku wangu," akasema, "kwa hiyo umenitafutia mahali?"

"Ndiyo. Lakini usiende kwanza."

"Siendi. Si nilikwambia nitasubiri?"

Mwalimu Zuhura akamwambia, "Ma Pelajia, ukipona njoo uuone. Ni mzuri kuliko yote." Kisha, kama mtu anayesema habari ya mvua, akaongeza kwamba kando ya shamba la shule kuna rweya imebaki, na kwamba serikali ya kijiji inawagawia wanaotaka kulima. Mama akaacha kucheka. Akamtazama mwalimu muda mrefu.

Alipopata nguvu alikuja, anajikongoja na fimbo. Alipita kando ya mashimo mpaka kwenye langu. Mgomba ulikuwa umesimama sasa, majani mapana, shingo nene. Mama aliinama, akafukua nyasi kwa vidole, akachota udongo kidogo akaunusa. Akanusa tena.

Mkutano wa kijiji ulifanyika kwenye uwanja wa shule, na watoto tukakaa kwenye majani pembeni. Mama alisimama akaomba kipande cha rweya. Si cha kulima njugu na kuhama; cha kukaa. Weee, minong'ono! Mzee mmoja akasema tangu lini mwanamke akaanzisha kibanja, kibanja ni cha mume au cha baba. Mwenyekiti akajikuna, akasema ardhi ni ya kijiji na mwenye nguvu ya kulima apewe, hiyo ndiyo siasa yetu. Mwingine akamjibu kwamba siasa ni siasa na mila ni mila, na tena rweya haizai ndizi, huyu mama atakufa na njaa halafu nani ataulizwa? Mama alibaki amesimama peke yake katikati ya watu waliokaa, na mimi mikono yangu imebana kifuani.

Ta Felisi akainuka. Watu wote wakageuka kumtazama, maana hawakuwahi kumsikia mkutanoni. Mama Deo mwenyewe aliacha mdomo wazi.

"Mtoto huyu aliniuliza juzi kibanja chetu kilianzaje," akasema, akinionyesha mimi. "Nikamjibu. Nadhani na nyie wenu waliwauliza." Akazungusha macho, mtu mmoja mmoja. "Mliwajibu nini?"

Wazee wakatazama chini. Halafu mtoto mmoja nyuma yangu akasema, bila kuulizwa, "Palikuwa rweya!" Mwingine naye akasema. Deo akasema kwa sauti kuliko wote. Tukawa darasa zima tunapayuka kama tunajibu swali, na Mwalimu Zuhura mlangoni pa darasa anatazama raba zake. Mwenyekiti akacheka kwanza. Yule mzee wa mila akafuata, akatikisa kichwa, akasema, "Haya, waitu. Apewe. Tumekamatwa na watoto wetu wenyewe."

Mama alianza na shimo moja nyuma ya kibanda. Nyasi za kwanza zililetwa na shule nzima kwa mstari, mwalimu aliandika ubaoni kwamba ni somo la sayansi, na nadhani hakudanganya. Samadi ya kwanza ililetwa na Mama Deo. Ameibeba kichwani, anasema njia nzima kwamba mgongo wake umekwisha, kwamba watu wengine hawana adabu, wanahama nyumba yenye paa zuri wanakwenda kukaa na upepo. Alipoitua alikumbatiana na mama wakakaa hivyo.

Mgomba wangu wa shule ulipotoa ua, Deo alikuja mbio kuniambia na alidhani nitaruka. Sikuruka. Nilikwenda nikaliangalia lile ua la zambarau linaning'inia. Nilikuwa nimeomba mama asubiri mpaka uzae. Sasa unazaa. Nikakimbia mbio zote mpaka kwenye kibanda chetu, nikamkuta anatandaza nyasi, anaimba.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Kwani vipi?"

"Mgomba umezaa."

Akaelewa. Akaweka nyasi chini, akanivuta, tukaketi juu ya kile kifurushi. "Sikiliza," akasema. "Mgomba ukishazaa mkungu wake tunaukata, si ndiyo? Na pembeni yake unaacha nini?"

"Mtoto wake."

"Huyo mtoto ameshazaa?"

"Bado."

"Basi huyo naye nitamsubiri azae. Na akizaa, kuna mtoto wake. Unafikiri nitaondokaje nikiwaacha?" Nikafikiri. Nikaona kweli, hesabu hii haina mwisho. Usiku huo nililala vizuri.

Na alisubiri. Alisubiri mpaka nikaolewa, mpaka nikahamia mbali, mpaka wajukuu wakawa wanakwenda likizo kwake na kurudi wamenenepa. Mwalimu Zuhura alihamishwa mapema, na kila mtu aliyetoka Bukoba mjini mama alimwuliza habari zake. Kile kipande cha rweya mngekiona leo msingeamini. Ukiingia kutoka juani unasimama kidogo macho yazoee kivuli. Udongo ni mweusi. Utosini mwa mama nywele zilikuwa zimeisha, na alikuwa anawaonyesha wageni.

Mwaka huu aliumwa tena, sasa akiwa mzee kweli, na nikaenda kumwuguza. Mchana mmoja alitaka abebwe nje. Nilimweka kwenye mkeka penye kivuli, juu ya nyasi mpya alizotandaza Deo, maana Deo ndiye anayemtunzia migomba, na bado anatangaza kila shina ni la nani. Mvua ilikuwa imepita. Nilimwona jinsi anavyopumua, nikajua. Mimi mwenye wajukuu nikapiga magoti kwenye nyasi kama siku ile.

"Mama," nikamwambia, "pale mlangoni kuna mmoja hajazaa. Subiri."

Akafumbua macho, akautafuta kwa macho mpaka akauona. Ni wa ukoo ule ule tuliouhamishia hapa kutoka shamba la shule, mtoto wa mtoto wa watoto wa mche wa Ta Felisi. Akatabasamu na meno yake mawili.

"Huyo," akasema, "utamsubiri wewe."

Tulimlaza chini ya enshakala yenye mkungu. Hakuna ndugu aliyeulizwa ruhusa. Nyasi za juu nilizitandaza mwenyewe, kwa unene wa goti.

Nilikuwa kwenye kamba ile na shati mkononi wakati jirani ananiuliza kama tumepata msiba mwingine, na siku ile ile jioni Deo akapiga simu. Anapiga kelele mpaka leo, hajui simu inasikia yenyewe. "Koku! Ule wa mlangoni! Ua limetoka!" Nikamwambia akiukata kabla sijafika tutagombana.

"Nitaukataje?" akasema. "Ni wako huo."